Usingizi wa Mlinzi



Leo twataka tumtazame kiumbe ambaye wengi wetu tunaye uani, lakini ni mara chache tunamfikiria: mbwa, naye akiwa amelala.

Mchana, jua likiwa kali, twamkuta amejinyosha kivulini, na upesi twasema, "Huyu ni mvivu, kazi yake ni kula ugali tu." Je, usiku alilala? Katika uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 1993, mbwa waliangaliwa usiku kwa muda wa saa 8. Ilionekana kwamba mbwa hulala kwa dakika 16 hivi, huwa macho kwa dakika 5, kisha hulala tena, na hurudia hivyo zaidi ya mara 20. Basi yule tunayemwita mvivu alikuwa akiamka mara kwa mara sisi tukikoroma.

Tena usingizi wake una kazi. Mtazameni vizuri. Kwanza pumzi zake hutulia. Baadaye macho huchezacheza chini ya kope, miguu hutikisika, naye hutoa mlio mdogo kama abwekaye mbali. Wakati huo ubongo wake unafanya kazi karibu kama wa aliye macho. Lakini Muumba ameweka katika shina la ubongo kizuizi kinacholegeza misuli, mbwa asije akainuka kuifuata ndoto yake na kujiumiza.

Anaota nini? Hawezi kutuambia. Lakini mwaka 2001 wataalamu wa Marekani waliona kwamba ubongo wa panya waliolala ulirudia safari ya njia waliyozoezwa kuipita walipokuwa macho. Na mwaka 2017, huko Budapest katika nchi ya Hungaria, mbwa walifundishwa amri kwa Kiingereza, lugha wasiyoizoea, kisha wakaachwa walale. Mafunzo yale yalionekana katika mawimbi ya ubongo wao usingizini. Basi hata mnyama, akilala, huweka akiba ya mambo ya mchana.

Kwa hiyo, ndugu, usingizi si dhambi. Tusimwite mvivu askari wa usiku alalaye saa nne asubuhi, wala muuguzi, wala mama aliyekesha na mtoto mwenye homa.

Mbona basi nabii Isaya, katika sura ya 56, anawalaumu walinzi wa Israeli kwa kuwafananisha na mbwa wanaoota na kusinzia? Ni kwa sababu walikuwa wamepoteza sauti. Hatari ilikaribia, wao wakanyamaza. Kosa la mlinzi si kulala. Kosa ni kutoinuka aitwapo.

Wafugaji wanajua kwamba mbwa aotaye haguswi ghafula, kwa maana aweza kumwuma hata mtoto wa nyumbani kabla hajamtambua. Heri usimame mbali, umwite kwa jina. Na Mungu alifanya vivyo hivyo kwa kijana Samweli. Alimwita usiku kwa jina lake. Samweli hakuijua ile sauti bado, akadhani ni ya Eli, lakini kila mara aliinuka akaenda. Hakujifunika akasema, "Nitaona kesho."

Nasi tumewekwa kuwa walinzi: wazazi, wazee wa kanisa, wachungaji, majirani. Huenda iko sauti inayotuita. Yuko kijana nyumbani ambaye siku hizi hasemi neno mezani. Yuko binti ambaye sare yake ya shule imetundikwa ukutani tangu muhula uliopita. Ng'ambo ya ua twasikia mama akipigwa, nasi twavuta blanketi. Mbwa wetu akisikia mlio kama huo, huinua kichwa. Je, sisi?

Mtunga Zaburi ya 121 atukumbusha kwamba yuko Mlinzi mmoja asiyehitaji usingizi kamwe. Kwa sababu Yeye yu macho, sisi twaweza kulala kwa amani. Na kwa sababu Yeye huita, yatupasa kuamka.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe usingizi mwema usiku huu, kwa kuwa miili yetu imechoka. Lakini ukituita kwa sauti ya mtoto au ya jirani, utuamshe, utupe na ujasiri wa kusema. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.