Ruta Rahisi, Nauli Ghali

Ruta ya bei rahisi huwa rahisi ikiwa bado dukani Kisumu mjini. Ifungwe kwenye paa la zahanati kisiwani Mfangano, hesabu inageuka. Ikigoma, fundi apande matatu hadi Luanda Kotieno, feri hadi Mbita, kisha boti. Na akifika, kumbe dawa ni kuichomoa na kuichomeka tena! Nauli na siku nzima ya kazi vimeshapita bei ya kifaa.

Tusiwalaumu watengenezaji peke yao. Ruta hizi ziliundwa zikae sebuleni, si ndani ya kisanduku cha bati chini ya jua la Nyanza. Joto huzichosha, na mara nyingi adapta ndiyo hufa kwanza. Halafu kuna radi: Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, hasa usiku. Wala si lazima ipige mlingoti. Ikianguka jirani tu, waya mrefu wa antena hubeba mshtuko hadi ndani.

Mwaka 2013 BRCK ya Nairobi ilitangaza ruta yenye betri yake, umeme ukikatika iendelee kwa saa kadhaa. Wazo zuri, ila si kila shule ingeimudu.

Mimi ningenunua zile rahisi, lakini mbili. Ya pili ikae kisiwani, imeshapangwa tayari, kwa mwalimu au muuguzi anayejua kuchomeka waya. Pesa inayobaki inunue waya wa ardhi, na swichi ya saa ya kuizima na kuiwasha kila alfajiri, kabla simu hazijaanza kulia Kisumu.