Chombo Kilichongoja Vumbi Litulie

Juzi mzee mmoja wa kikundi alituuliza: "Mtu atajuaje shamba ambalo hajawahi kulikanyaga?" Tunamjibu kwa habari ya Mirihi, ile nyota nyekundu ya usiku, ambayo kwa kweli ni sayari kama hii yetu.

Mwaka 1971 Wamarekani walitengeneza vyombo viwili vya kwenda kuizunguka. Cha kwanza, Mariner 8, kilianguka baharini mwezi wa Mei. Basi kazi yote ikabaki kwa ndugu yake, Mariner 9. Hicho kilifika tarehe 14 Novemba, kikawa chombo cha kwanza kuzunguka sayari nyingine. Kamera zikafunguliwa. Kumbe hakuna cha kuonekana! Tufani ya vumbi ilikuwa imefunika sayari nzima, kama moshi wa kuni jikoni pasipo dirisha. Ni madoa manne tu meusi yaliyochungulia juu ya vumbi.

Warusi nao walishusha vyombo vyao katika vumbi hilohilo. Kimoja kilianguka vibaya. Kingine kilitua tarehe 2 Desemba, kikatoa sauti ya redio sekunde 20 hivi, kikanyamaza. Tusiwacheke, maana amri zao zilipangwa kabla ya safari na hazikuweza kubadilishwa. Mariner 9 kiliweza kupewa amri mpya kwa redio. Kikaambiwa, ngoja.

Lakini kungoja si kulala. Vipimo vyake vya joto vilionyesha kwamba vumbi likijaa hewani, hewa hupata joto na ardhi ya chini hupoa, kwa kuwa jua haliifikii vizuri. Mwanzoni mwa 1972 vumbi likatulia. Yale madoa manne yalikuwa vilele vya volkano! Mmoja, Olympus Mons, una kimo zaidi ya mara nne ya Mlima Kenya. Likaonekana bonde refu kama mara nane ya barabara ya Nairobi hadi Mombasa. Halafu, na hili ndilo lililotushangaza zaidi, mito mikavu, yenye matawi kama makorongo yetu baada ya mvua kubwa. Zilipokelewa picha 7,329. Gesi ya kukigeuza ilipokwisha, chombo kikazimwa tarehe 27 Oktoba 1972.

Sasa, maji yalikwenda wapi? Mengine ni barafu kwenye ncha za sayari na chini ya udongo. Mengine yalipotea angani pamoja na hewa, na upotevu huo ulipimwa na chombo MAVEN, kilichofika huko mwaka 2014.