Heshima na Ibada

Kijana wa Kiislamu wa Nyamirambo amwonapo jirani yake Mkatoliki akipiga magoti mbele ya sanamu ya Bibi Maryamu, huharakisha kumwita mwabudu sanamu. Yampasa kwanza aisikie hoja ya jirani.

Torati, ambayo Wakristo nao huisoma, imekataza kuchonga sanamu na kuisujudia. Wakatoliki hujibu kwa azimio la maaskofu waliokutana Nikea mwaka 787: ibada ni ya Mungu peke yake, na heshima ipewayo sanamu humfikia mwenye sura ile. Waadventista hawaikubali hoja hiyo. Basi mzozo huu ni wa Wakristo wenyewe kwanza.

Wala Mwislamu asijisahau. Sayyidna Omar alilibusu Jiwe Jeusi la Al-Kaaba, huku akitamka kwamba ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingalimwona Mtume akilibusu, naye asingalilibusu. Hapo ndipo penye tofauti: jiwe haliombwi kitu. Na hatari ni ya kweli, kwani hata nyoka wa shaba, aliyefanywa na Nabii Musa kwa amri ya Mungu, Mfalme Hezekia alimvunja kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba.

Lakini Suratul-An'am imekataza kuwatukana wale waombwao badala ya Mwenyezi Mungu, wasije wenye kuwaomba wakamtukana Yeye bila ya kujua. Kijana na amwulize jirani kwa adabu: upigapo magoti, wamwomba nani?