Ni Nani Aliyeigusa Kompyuta?

(Mazungumzo yaliyotolewa na kamati ya kikundi kimoja mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kuweka hesabu za kikundi kwa kompyuta. Lakini tulipokaa kujitayarisha tuliona ni afadhali tuanze na kosa letu wenyewe. Vikundi vingine vitanunua mashine kama yetu, na kosa hilo linaweza kuwapata vilevile.

Kikundi chetu kiko huku Taita. Tunaweka akiba, tunakopeshana na tunafuga kuku. Tulichanga pesa tukanunua kompyuta iliyotumika, pamoja na printa ndogo mpya. Kwa kuwa hatuna ofisi, mashine inakaa nyumbani kwa mweka hazina, sebuleni, imefunikwa kwa kitambaa. Anayeitumia ni binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne, ambaye tulimfanya katibu msaidizi. Intaneti tunaipata kwa simu ya kikundi. Kikundi kinanunua bando, binti anafungua hotspoti, anatuma ripoti, anafunga.

Basi, mwezi mmoja mashine ilikaa wiki tatu bila kuwashwa. Ijumaa jioni, kesho yake ikiwa siku ya mkutano wa mikopo, binti akaiwasha, akaunganisha simu, akaingiza hesabu zote. Halafu akaiacha ikiwaka, akaenda jikoni kusaidia. Aliporudi alikuta imejizima na kujiwasha yenyewe. Asubuhi bando lote limekwisha, na printa haitoi hata herufi moja. Wanachama wako uani wanangoja orodha ya madeni.

Ndugu zetu, mnajua maneno yanavyoanza. Mmoja akasema, "Ameuza bando." Mwingine akasema, "Ameangalia sinema usiku kucha." Wa tatu akasema neno baya zaidi, "Ameiharibu makusudi, ati deni la mama yake lisisomwe."

Binti akajibu, "Mimi sikugusa kitu. Imejibadilisha yenyewe." Tukacheka. Sisi wanakamati ndio tuliocheka kwanza. Mashine ijibadilishe, kwani ina mikono? Tukamwambia arudishe simu ya kikundi. Akairudisha, akaenda kwao analia.

Mzee mmoja alikuwa amenyamaza tu kwenye kiti chake. Akauliza, "Mtoto amesema mashine imejibadilisha. Je, kuna yeyote aliyeiuliza mashine?"

Hatukuwa na jibu. Tukamwita mwalimu jirani anayezijua mashine hizi. Hakufungua hata bisibisi. Alifungua mahali ambapo kompyuta huandika mambo iliyoyafanya, na hapo tukaona orodha ya mambo yaliyoingia Ijumaa usiku. Kulikuwa na sasisho moja kubwa la mwezi, na chini yake draiva tatu. Moja ilikuwa ya printa. Binti alikuwa amesema kweli.

DRAIVA NI NINI?

Ndani ya kompyuta na kando yake kuna vifaa vingi: skrini, spika, printa, waifai. Kila kifaa kina namna yake ya kuamriwa. Draiva ni programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na kifaa, ikipeleka amri. Neno lenyewe ni lile lile la dereva. Gari likiwa zima lakini dereva halijui, safari haipo. Printa yetu ilikuwa nzima kabisa. Ilibadilishiwa dereva usiku, na huyu mpya hakuelewana nayo.

Sasa mtauliza, anayembadilisha ni nani? Kompyuta nyingi tulizo nazo vijijini zinatumia Windows. Makampuni yanayotengeneza vifaa hupeleka draiva zao kwa Microsoft, wenye Windows, na kompyuta ikipata intaneti huzivuta kutoka huko yenyewe. Ikiwa imezimwa kwa wiki nyingi, siku ikiwashwa inajaribu kuvuta yote iliyoyakosa. Ndiyo sababu bando letu liliisha kwa usiku mmoja.

Msije mkadhani ni wizi. Mengi ya masasisho haya yana faida. Yanaziba matundu ambayo wezi wa mitandao wangepitia, na yanarekebisha makosa ya zamani. Shida ni kwamba yanakuja bila kubisha hodi, yanakula bando, na hayaelezi yamekuja kufanya nini.

MAJINA YASIYOELEZA KITU

Orodha ile ilitutatiza. Kila draiva ilikuwa na jina la kampuni, neno moja kama "System" au "Extension", na namba ndefu. Basi, hakuna zaidi. Na moja ilikuwa ya Intel, imeandikwa tarehe 18 Julai 1968. Mweka hazina akaruka, "Hii ni virusi! Mwaka 1968 mimi sijazaliwa, kompyuta hii ilikuwa wapi?"

Mwalimu akatueleza. Tarehe 18 Julai 1968 ndiyo siku kampuni ya Intel ilipoanzishwa. Wao huiweka tarehe hiyo makusudi kwenye baadhi ya draiva zao. Microsoft nao wanafanya jambo kama hilo, na draiva nyingi zinazokuja ndani ya Windows zina tarehe 21 Juni 2006. Sababu ni hii. Draiva mbili zikigombea kifaa kimoja, Windows hutazama kwanza ni ipi inayokifaa zaidi. Zikilingana, inachukua yenye tarehe ya karibuni. Kwa hiyo draiva ya jumla hupewa tarehe ya kale ili impishe yule dereva maalum aliyetengenezwa na wenye kifaa. Ni kama mtu anayekalia kiti cha mbele kwa muda tu, mwenyewe akija anaondoka.

Kwa hiyo tarehe ya kale peke yake si dalili ya virusi. Lakini nani angelijua hilo bila kuambiwa?

SI KWETU PEKE YETU

Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Scotland ilitoa draiva iliyopita kwenye masasisho ya Windows. Draiva hiyo iliwakuta watu wenye vifaa vyenye chipu bandia zilizoiga chipu za kampuni hiyo, ikavibadilisha namba ya utambulisho, vikaacha kutambuliwa na kompyuta. Wengi walikuwa wamenunua vifaa hivyo dukani bila kujua kuwa ndani mna bandia. Malalamiko yalikuwa makubwa hata draiva ikaondolewa.

Na tarehe 19 Julai 2024 faili moja yenye kasoro ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike iliingia yenyewe katika kompyuta za Windows duniani. Microsoft walikadiria kuwa mashine milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilikwama na hospitali zilipata shida. Mafundi wakubwa wenye shahada walikuta mashine zimelala, na hakuna aliyekuwa amezigusa. Ikiwa wao yanawapata, mtoto wetu wa kidato cha nne atalaumiwaje?

TUNAFANYAJE SASA?

Haya ndiyo tuliyokubaliana katika kikundi chetu. Mnaweza kuyapima, mkachukua yanayowafaa.

1. Tunaiuliza mashine kwanza. Tunafungua "Settings", kisha "Windows Update", kisha "Update history". Hapo kuna sehemu ya draiva pamoja na siku zilipoingia. Tunalinganisha siku hizo na siku shida ilipoanza.

2. Tunalinda bando. Tukiunganisha simu, tunaingia "Network & Internet" katika "Settings", tunachagua waifai ile ya simu, tunawasha palipoandikwa "Metered connection". Maana yake ni kuiambia kompyuta kuwa intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Itaacha kuvuta mengi ya masasisho mpaka tuiruhusu.

3. Hatufungi masasisho moja kwa moja. Kuyafunga kabisa ni kama kuacha mlango wazi kwa sababu bawaba inapiga kelele. Mara moja kwa mwezi tunaipeleka mashine penye intaneti nzuri, tunaiacha ivute yote, halafu tunajaribu printa na sauti tungali hapo. Hatufanyi hivyo wiki ya mkutano. Wiki hiyo tunabonyeza "Pause updates", na masasisho yanasimama kwa muda.

4. Kifaa kikigoma baada ya draiva mpya, tunairudisha ya zamani. Tunabonyeza upande wa kulia wa kipanya juu ya kitufe cha "Start", tunachagua "Device Manager", tunatafuta kifaa, tunafungua "Properties", kisha "Driver". Kuna kitufe cha "Roll Back Driver". Kikiwa hafifu, hakibonyezeki, basi hakuna draiva ya zamani iliyowekwa. Hapo tunatafuta ile ya wenye kifaa.

Printa yetu ilibidi iondolewe katika kompyuta na kuwekwa upya. Diski iliyokuja nayo ilikuwa shambani, inaning'inia kwenye mtama kufukuza ndege, imekwaruzika yote. Ilitugharimu bando jingine kuvuta draiva kutoka kwa tovuti ya watengenezaji. Tafadhali, wekeni diski zenu kabatini!

5. Hatuweki draiva za hiari ovyo. Windows ina mahali pa masasisho ya hiari, na draiva nyingine hungoja hapo. Kama kifaa kinafanya kazi, tunaziacha.

6. Tunajihadhari na matangazo yanayosema, "Draiva zako zimezeeka, bonyeza hapa." Hapo ndipo wezi wanapoingilia. Draiva tunaitoa ndani ya Windows yenyewe au kwa waliotengeneza kifaa, basi.

7. Tunaweka nakala ya hesabu kwenye flashi kila baada ya kuingiza, na orodha ya madeni inaandikwa pia kwa mkono kitabuni. Siku ile tungekuwa na kitabu, mkutano ungeendelea.

8. Tuna daftari la mashine. Kila anayeiwasha anaandika siku, saa, alichofanya, na bando lililobaki.

Jambo jingine kwa wenye mashine za zamani. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla ya kununua kompyuta iliyotumika, mwulizeni muuzaji ina Windows gani, na kama inaweza kupokea Windows 11.

KUHUSU YULE BINTI

Mtataka kujua alipoishia. Deni la mama yake lilisomwa mkutano uliofuata, na lilikuwa limelipwa kwa wakati, miezi yote. Wale waliosema walitazama chini.

Kamati ilijadiliana kama twende kwao kumwomba radhi jioni, kimyakimya. Mzee yule akakataa. "Mlimwaibisha uani mbele ya watu," akasema. "Mtamwomba radhi uani mbele ya watu." Ndivyo tulivyofanya, mwenyekiti akisimama wa kwanza.

Hakurudi siku ile. Alikaa miezi miwili, na hesabu zetu zilichelewa, tukaona uzito wa kazi aliyokuwa akiifanya bure. Alipokubali kurudi alitoa sharti moja, kwamba liwepo daftari, na kila mtu aandike, hata mweka hazina mwenye nyumba. Kwa hiyo daftari tulilowatajia si wazo la kamati, ni lake.

Ndugu wajumbe, mashine hizi zitaendelea kupokea vitu usiku bila kutuambia, na hatuna uwezo wa kuzuia yote. Kumwita mtoto wa mtu mwizi kabla ya kutazama, hilo tunaweza kulizuia.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kikundi chenu, kitu kikiharibika, nani hulaumiwa kwanza? Kwa nini yeye?

2. Ni watu wangapi wanaojua kuiwasha kompyuta ya kikundi na kusoma kilichoingia ndani yake? Mtaongezaje wengine?

3. Kompyuta ikizimika leo, je, mnaweza kusoma madeni ya wanachama wote kesho?

4. Je, kuna mtu ambaye kikundi chenu kilimlaumu bure, na bado hajaombwa radhi?