TUSING'OE MIBUNI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Nanyuki)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya mtu kushika nia yake asiiache njiani. Sisi si walimu. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yetu ni nyundo, kokoto na mataruma. Basi mtatuwia radhi tukisema juu ya jambo tunalolijua, nalo ni kahawa ya kwetu Embu na Meru. Wengi mlioketi hapa mmetoka pande hizo, na kila mmoja ana kipande cha shamba nyumbani anachokiwaza usiku katika landhi.

Yatupasa kuanza na wazee wetu. Kahawa ililetwa Kenya na mapadre wa Kifaransa mwaka 1893, pale Bura, Taita. Lakini kwa miaka kama arobaini baada ya hapo Mwafrika hakupewa nafasi ya kuipanda kwa faida yake mwenyewe. Walowezi walisema ataitunza vibaya, na magonjwa yatatoka shambani mwake yaingie katika mashamba yao. Tena walisema ataiba kahawa yao na kuiuza kama yake. Sababu ya tatu hawakuisema sana kwa sauti: mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine kwa mshahara wa kibarua. Na wakati huohuo, ng'ambo ya mpaka, Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa wakiuza kahawa yao, na chama chao cha wakulima kilikuwapo tangu mwaka 1925.

Katikati ya miaka ya 1930 serikali ililegeza kamba kidogo, ikafanya majaribio Meru, Embu na Kisii. Wazee wetu walitusimulia kwamba wengi waliiogopa hata hiyo ruhusa. Walisema Mzungu akiliona shamba limependeza atalitwaa. Waliopanda walichekwa. Ndugu zetu, mbuni hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri. Fikirini mtu anayelima na kupalilia kitu kisicholiwa, muda wote huo, jirani zake wana mahindi na maharagwe mahali pake, na yeye hajui kama atakayechuma ni yeye au ni bwana shauri. Hatuna hakika kama sisi tungeweza.

Baada ya mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954 kahawa ilienea katika mashamba ya Waafrika, na babu yetu alikuwa mmoja wa waliopanda, huko juu ya Runyenjes. Aliacha mibuni 180 ya aina ya SL 28. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza kahawa ya Brazil, bei ikapanda duniani kote, na watu wengi wa kwetu wakaweka mabati kwa mara ya kwanza. Kisha mwaka 1989 mapatano ya nchi zinazouza na zinazonunua kahawa yakavunjika, na bei ikaanguka kama jiwe kisimani. Sheria wakati ule ilikataza kung'oa mbuni bila ruhusa. Basi watu walipanda mahindi katikati ya mistari wakaiachia mibuni ijifie yenyewe. Baba yetu naye alifanya hivyo, wala hatumlaumu, maana alikuwa na watoto sita.

Alipofariki mwaka 2014, kipande chenye mibuni kilituangukia sisi. Nia yetu ilikuwa kuifufua kahawa ya babu, na kwa fedha yake kumsomesha mtoto wetu wa kwanza, Kawira, na kujenga nyumba ya mawe, ili siku tutakapostaafu tusirudi nyumbani na sanduku tupu. Ndugu zetu wa kuzaliwa walicheka. Walisema, "Hiyo ni kuni."

Mzee mmoja jirani, aliyekuwa mkulima tangu ujana wake, alikuja na kukwaruza gome la mti mmoja kwa ukucha wa kidole gumba. Chini yake palikuwa kibichi. Akatuonyesha kazi yenyewe: kukata shina kwa msumeno karibu na usawa wa goti, kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame, kungoja machipukizi, kisha kuchagua mawili au matatu yenye nguvu na kuyaondoa mengine yote. Hilo la kuondoa ndilo gumu. Mtu huona huruma, akayaacha kumi, na mwishowe hapati ila majani. Tulikata mwanzoni mwa mwaka 2015.

Tulichuma kidogo mwaka 2017. Mwaka 2018 mvua ilikuwa nyingi, ukaja ugonjwa wa chule buni, unaozifanya punje changa kuwa nyeusi na kuoza mtini. SL 28 ni kahawa tamu sana lakini ugonjwa huo huipata upesi. Tulikopa fedha ya dawa. Mwaka 2019 tukapeleka matunda kiwandani, tukangoja malipo miezi mingi, na yalipokuja hayakutosha hata kulipa deni la dawa. Jina la chama kilichotulipa hatulitaji hapa, kwa kuwa jambo hilo lina mahali pake pa kuzungumzwa.

Basi tulipopata likizo mwanzoni mwa mwaka 2020 tulikwenda nyumbani na kusudi moja, nalo ni kung'oa. Mtu mmoja alikuwa ametuahidi miche ya makadamia. Tuliamka mapema na jembe na shoka. Tuling'oa mibuni 14 kabla jua halijawa kali. Wa 15 ulitushinda. Mzizi wake mkuu ulikuwa umeshuka kama nguzo. Tukasema kesho. Kesho yake ilikuwa mvua, na keshokutwa likizo ikaisha. Ndugu, hatukuiacha ile mibuni kwa sababu ya ushujaa wo wote. Tuliiacha kwa sababu tulichelewa kurudi kazini.

Mwaka huohuo tulitiwa katika kazi ya kuifufua njia hii ya kutoka Thika mpaka hapa Nanyuki, kama kilomita 180. Wengi wenu mlikuwapo. Mnakumbuka hali yake. Kwa miaka mingi watu walisema njia hii imekufa. Kulikuwa na miti imeota katikati ya reli, minene kama paja. Mahali pengine udongo umefunika kila kitu na watu wamejenga vibanda vya kuuzia nyanya juu yake. Vijana wa NYS, askari wa jeshi na mafundi wa reli walifyeka, wakachimba, na chini yake reli ilikuwapo. Si kote, mahali pengi palitengenezwa upya, lakini ilikuwapo. Mwezi wa Desemba 2020 gari la abiria likaingia Nanyuki kutoka Nairobi. Tulisimama hapo stesheni tukaona akina mama wazee wakilishika behewa kwa mkono.

Jioni ile tulimpigia simu mama Kawira. Tulisema, "Ile mibuni iliyobaki, tafadhali usimpe mtu aing'oe."

Akajibu, "Baba Kawira, wewe ulijua nani anaing'oa? Nimekwisha ipogoa tangu Agosti na kuitia samadi. Nilikuwa nangoja ninyi wa reli mmalize hasira zenu."

Na mahali zilipokuwa zile 14 alikuwa amepanda miche ya Batian, aina iliyotolewa Ruiru mwaka 2010, inayostahimili chule buni na kutu ya majani. Miche alinunua kwa fedha ya mayai. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, mngemwita yeye kutoa hotuba hii mngesikia zaidi.

Yapo mambo mawili lazima tuyaseme ili tusidanganyane. La kwanza, mwezi wa Julai 2021 baridi iliunguza tena kahawa ya Brazil, na malipo tuliyopata mwaka 2022 yalikuwa mazuri kuliko yote tuliyopata kabla ya hapo. Hiyo haikuwa akili yetu. Wakulima wenzetu kule walilia ndipo sisi tukalipa karo ya Kawira na kununua mabati ya nusu ya nyumba. Nusu ya pili ingali wazi, na yeyote apitaye huiona.

La pili, wako ndugu zetu wa Mbeere, ambako mvua ni chache na jua ni kali. Huko mtu akishikilia mbuni anajitesa bure. Ardhi yake imempa muguka, pojo na mbuzi, na nia yake na iwe katika hayo. Na wako ndugu wa Igembe, ambao mwaka 2014 Uingereza ilipoifunga milango kwa miraa walikaa siku nyingi bila soko hilo, na wengi hawakuikata miti ya babu zao. Kabla mtu hajasema anavumilia, kwanza akwaruze gome aone kama chini ni kibichi. Likiwa kavu mpaka ndani, akate kuni.

Wanachama watatu wametuuliza juu ya kukata mashina. Msimu wa kiangazi, baada ya kuchuma, ndio wakati wake. Msumeno wetu uko landhi, chumba cha mwisho upande wa tangi la maji. Anayeutaka aje auchukue, aandike jina lake kwa Katibu, na aurudishe kabla ya mvua, kwa maana mama Kawira ameuulizia mara mbili.