Fundi Taa Kwanza: Sanaa, Jiji na Tabianchi



Hakuna warsha ya tabianchi hapa Dar es Salaam inayofungwa kabla mtu hajasema kwamba wasanii waelimishe jamii. Msemaji huwa na nia njema, na mara nyingi ameshatenga fungu la wimbo na fulana. Leo nitaipinga kauli hiyo kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Kauli hiyo ina nasaba. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mshairi Mathias Mnyampala na wenzake waliutia ujamaa kwenye ngonjera, na shule nzima zikazighani. Nami nilighani, ndani ya kaptula ya kaki, beti zote kichwani na maana yake sina. Sizibezi, zilikuwa na kazi yake. Ila zilituachia mazoea mabaya: sera inaandikwa na wengine, kisha msanii analetewa aitie vina. Mkazi wa Jangwani, Bonde la Msimbazi, aliyeingiliwa na mafuriko ya Desemba 2011, mwimbaji amwelimishe nini kuhusu mvua? Anajua maji yalifika dirisha lipi. Anachokosa ni mahali pa kulisema hilo, likasikilizwa na kuamuliwa.

Hapo ndipo ninapomrudia mwanatamthilia Penina Muhando Mlama, na mnivumilie, maana wanafunzi wangu wamekwisha kuchoka. Katika kitabu chake cha 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo anaeleza kazi iliyofanyika Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kinachonishika si maonyesho bali utaratibu wake. Wanakijiji walichunguza matatizo yao wenyewe, wakayachambua, wakayachezea ngoma na michezo, kisha mjadala ukafuata. Ngoma ilikuwa sehemu ya kikao, si tangazo. Sijakutana bado na mtu aliyeusoma utaratibu ule kwa makini halafu akaagiza wimbo wa kampeni.

Manchester, Uingereza, walifika kwenye kikao cha aina hiyo kwa njia nyingine. Jiji lilitoa mpango wa tabianchi mwaka 2009, ukizitaka sekta zote zibebe sehemu yake. Mwaka 2011 kumbi za maonyesho, makumbusho na taasisi nyingine za sanaa zikaunda umoja wao, zikawa zinakutana kujadili nini? Matumizi ya nishati katika majengo yao! Mwaka 2012 Baraza la Sanaa la England nalo likaanza kuzidai taasisi zinazopata ruzuku yake ya kudumu takwimu za nishati na maji. Baadaye mbinu ya Manchester ilipelekwa kwenye miji mingine ya Ulaya, ikiwamo Mantova na Wrocław.

Tutazame basi matumizi hayo ya nishati. Taa ya zamani ya jukwaani, ya wati 1,000, hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto. Ning'iniza 30 hapa Dar es Salaam mwezi Februari, kisha washa viyoyozi vilitoe joto hilo: ukumbi umelipa mara mbili. Niliwahi kualikwa kwenye tamasha la mazingira, sitalitaja, mwimbaji akisifu misitu huku jenereta likinguruma nyuma ya jukwaa. Nilijibanza karibu na fundi taa. Taa zake zilikuwa za LED, chache, na jenereta lile lingeweza kuendesha majukwaa kadhaa. Aliyelikodi hakumuuliza mzigo wake ni kiasi gani. Fundi alikuwa na hesabu yote mfukoni, kwenye kikaratasi.

Nitaambiwa Waingereza wana kumbi zao na ruzuku, ilhali sanaa yetu iko baa, viwanjani na kwenye kumbi za kukodi. Kweli. Nitaambiwa pia kwamba dizeli ya matamasha ni tone ukiilinganisha na ya malori. Kweli vilevile. Hoja zote mbili nimezipima, na bado nasema sanaa inaweza kuliongoza jiji, na kwamba kiongozi mwenyewe ni fundi taa, si nyota wa bango. Yeye amezoea kumaliza kazi kabla pazia halijafunguliwa, akiwa na watu wa fani nyingine, kwa bajeti isiyotosha. Nitajieni idara ya jiji yenye mazoea hayo.

Hapa kwetu, Baraza la Sanaa la Taifa linatoa vibali vya matamasha. Kwenye fomu liongezwe swali: jenereta la ukubwa gani, na nani aliyepiga hesabu ya mzigo? Kisha kumbi za jiji ziitwe kikao kimoja, mafundi waje na risiti za umeme wa LUKU na madaftari ya dizeli, na watu wa Bonde la Msimbazi wapewe nafasi ya kuzungumza kabla yetu maprofesa.