Kipindi cha Muziki Kisifutwe

Hotuba ya mwalimu mstaafu katika mkutano wa wazazi na wadau wa elimu wa kata



Nimeombwa kusema machache juu ya hoja iliyo mbele yetu, kwamba kipindi cha nyimbo na ngoma kiondolewe kwa darasa la nne na la saba, na zile dakika 40 zitumike kwa mazoezi ya mitihani. Naielewa hoja hiyo. Nilipokuwa mwalimu wa taaluma niliiunga mkono mimi mwenyewe, tukakifuta kipindi mwaka mzima. Niliyoyaona baadaye ndiyo yaliyonileta hapa.

Darasani kwangu alikuwapo mtoto mwenye kigugumizi. Akisimama kusoma, wenzake walicheka, naye hukaa kimya. Lakini katika wimbo maneno yaleyale yalimtoka bila kukwama, kama inavyotokea kwa wengi wenye kigugumizi. Alikuwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo, na kwa sababu hiyo aliheshimiwa. Tulipokifuta kipindi tulimnyang'anya mahali pekee aliposikika. Haikupita miezi mingi akaanza utoro. Sikupata alama ya mtihani iliyoweza kufidia hasara ile.

Wapo wanaouliza: wimbo unahusianaje na kusoma? Mwambieni mtoto wa darasa la kwanza apige kofi moja kwa kila silabi ya neno "mtoto". Ni makofi matatu: m-to-to. Anayelikosa kofi la kwanza mara nyingi ndiye huyo anayeandika "toto" katika daftari lake. Sikio halijaipata sauti, mkono utaiandika vipi? Kwa hesabu ni vivyo hivyo. Pigo moja la ngoma likigawanywa mara mbili, kisha mara nne, mtoto ameishika nusu na robo mikononi kabla hajaziona ubaoni.

Sisi wa Ugogo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tazameni kina mama wanapopiga muheme. Kila mmoja ana pigo lake, na hapaswi kulipoteza kwa kuvutwa na la jirani, wala hapaswi kuacha kumsikiliza jirani huyo. Kushika lako huku ukisikia la mwenzio ni kazi ngumu ya akili. Mtoto aliyeizoea hujua kungoja zamu, na huweza kutulia hadi maelezo ya mwalimu yafike mwisho. Marehemu Mzee Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka huku kwetu akaifikisha sauti ya zeze na marimba za vidole hadi ng'ambo. Ingekuwa aibu watoto wa Ugogo wamjue kwa kusimuliwa tu.

Hata hivyo sitaki kuwauzia maneno matamu. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliandika kwamba wanafunzi wa chuo kikuu waliosikiliza muziki wa Mozart walifanya vizuri zaidi katika jaribio moja la kutambua maumbo. Faida yenyewe ilidumu takribani robo saa, lakini habari ilivuma duniani kana kwamba redio ingeweza kumfanya mtoto mchanga kuwa na akili. Haiwezi. Ninachokitetea hapa ni mtoto kuimba na kupiga yeye mwenyewe, tena kila wiki. Sitaahidi kwamba ngoma itampandisha mtoto daraja katika hisabati. Ninasema tu kwamba humzoesha kusikiliza, kukumbuka na kurudia hadi apatie, na pasipo hayo mazoezi ya mitihani huishia kuwa kunakili majibu.

Aidha, Sanaa na Michezo ni somo lililomo katika mtaala wa shule za msingi. Si mapumziko ya kugawiwa masomo mengine.

Gharama nazo zimetajwa. Shule yetu ina ngoma tatu, mbili zimepasuka ngozi. Naamini katika mkutano huu hawakosekani wazee wanaojua kuwamba, na kina mama waliocheza muheme tangu usichana wao. Siombi mchango wa fedha. Naomba ngozi mbili, na watu wawili watakaofika shuleni kila Ijumaa kumsaidia mwalimu wa somo. Mwalimu Mkuu anayo karatasi ya majina. Nawasihi walio tayari wajiandikishe kabla hatujapiga kura juu ya hoja hii.